Salamu za Sikukuu kwa Mteja: Dakika Isiyotozwa Ada

Katika ofisi ya ukaguzi wa hesabu nilikoanzia kazi jijini Dar es Salaam, wiki ya pili ya Desemba ilikuwa na desturi yake. Katibu muhtasi alipita mlango kwa mlango akiwa na boksi la kadi ambazo tayari zilikuwa zimechapishwa jina la ofisi kwa rangi ya dhahabu, picha ya jahazi, na maneno ya kumtakia kila mtu heri ya kila kitu. Wabia walitakiwa kutia saini tu. Mmoja alisaini huku akiongea na simu, mwingine alimwachia katibu muhtasi amsainie, na wote walikuwa wamemaliza kadi zao mia na ushei kabla ya saa sita mchana. Mzee mmoja tu, aliyebakiza miaka miwili astaafu, alifunga mlango, akaagiza chai ya rangi, na akatoka saa tisa alasiri akiwa na kadi ishirini na nane. Sisi vijana tulimcheka chinichini.

Baadaye boksi lilikoma. Picha moja ya kielektroniki, yenye jahazi lilelile, ikawa inatumwa kwa barua pepe kwa wateja wote kwa mara moja, na gharama ya uchapaji ikafutwa kwenye bajeti. Hakuna mteja aliyelalamika, na jambo hilo lilitajwa kwenye kikao kama ushahidi kwamba uamuzi ulikuwa sahihi. Hakuna aliyeuliza kwa nini hakuna hata mmoja aliyejibu.

Mjadala wa kadi ya karatasi na kadi ya kielektroniki katika ofisi za mawakili, wakaguzi wa hesabu na washauri wa kodi huanzia mahali pasipofaa. Huanzia kwenye bei: karatasi, bahasha na stempu upande mmoja, na upande wa pili barua pepe ambayo haigharimu chochote. Hesabu hiyo inasahau kitu ambacho ofisi hizo huuza. Muuza saruji huuza saruji, na salamu yake ya sikukuu ni tangazo kama tangazo jingine, wala mnunuzi hadai zaidi. Wakili na mkaguzi huuza muda na umakini wa mtu fulani anayejulikana kwa jina, na huutoza kwa saa. Mteja wa namna hiyo amezoea kuona kila simu na kila barua ikiingia kwenye ankara. Salamu ya sikukuu ndiyo dakika pekee katika mwaka mzima ambayo mtaalamu huyo humpa bila kuitoza, na ikiwa hata hiyo dakika moja haikutolewa na mtu yeyote, bali imetolewa na programu, basi ofisi imemweleza mteja jambo ambalo haikukusudia kumweleza.

Tufanye hesabu ya kweli. Kadi 300, kila moja ikiandikwa kwa dakika tatu, ni dakika 900, yaani saa 15 za mbia, karibu siku mbili za kazi. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kadi ya mkono, na bei ya karatasi ni kitu kidogo mbele yake. Gharama hiyohiyo ndiyo thamani yake, kwa sababu mteja anaijua saa ya mbia inauzwa kiasi gani kuliko anavyojua bei ya stempu.

Sisemi kwamba karatasi ina utakatifu wowote. Kadi ya Krismasi ya kuuzwa inayohesabiwa kuwa ya kwanza ilichapishwa London mwaka 1843 kwa agizo la Henry Cole, mtumishi wa serikali aliyehusika na mageuzi ya posta yaliyoleta stempu ya peni moja mwaka 1840. Cole alikuwa na shughuli nyingi na barua nyingi za kujibu, kwa hiyo akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja itakayochapishwa kwa wingi. Kadi ya karatasi ilizaliwa kama njia ya mkato ya kukwepa kuandika barua, sawa na picha ya kielektroniki ya leo inavyotumika kukwepa kuandika kadi. Hata hivyo, Cole aliacha nafasi mbili tupu juu ya kadi yake, moja ya jina la anayepelekewa na nyingine ya jina la anayetuma. Karibu karne moja na nusu baadaye, tarehe 3 Desemba 1992, ujumbe mfupi wa kwanza wa simu duniani ulitumwa nchini Uingereza na mhandisi Neil Papworth, nao ulikuwa salamu ya Krismasi. Ulitumwa na mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja.

Kwetu, wanaokumbuka enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, na wenzao wa idhaa ya taifa nchini Kenya, wanazijua kadi za salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaorodhesha majina ya watu wake wa Tanga, Mwanza au Kakamega, akaipeleka posta, kisha akasubiri siku kadhaa karibu na redio. Mtangazaji alisoma maneno yaleyale kila siku, na wala hakuna aliyejali maneno hayo. Watu walisubiri kusikia majina. Ile ilikuwa salamu ya wengi kupitia mtambo mmoja, lakini kila jina lilikuwa limeandikwa na mkono wa mtu aliyelifikiria, na ndiyo maana mtu aliyetajwa redioni alitembea mtaani siku hiyo akiwa mrefu kidogo.

Salamu ya Kiswahili, zaidi ya hayo, inadai kuitikiwa. Shikamoo isiyopata marahaba ni fedheha kwa pande zote mbili, na kwa Waislamu kurudisha salamu ni wajibu. Sasa fikiria barua pepe ya sikukuu inayotoka kwenye anwani isiyopokea majibu, yenye mstari mdogo chini unaosema tafadhali usijibu ujumbe huu. Nimepokea salamu ya aina hiyo kutoka ofisi moja ya ushauri wa kodi ambayo nilikuwa nimeilipa ada mwezi huohuo. Ilikuwa kama mtu kuja kubisha hodi na kukimbia kabla hujafungua mlango.

Kuna kasoro za kiufundi pia, ambazo watu wa masoko hawazitaji wanapouza huduma hizi. Programu nyingi za barua pepe za maofisini, Outlook ikiwamo, huzuia picha zilizo kwenye mtandao zisifunguke zenyewe, kwa hiyo salamu iliyotengenezwa yote kama picha humfikia mteja ikiwa fremu tupu yenye alama nyekundu pembeni. Orodha ya kutangaza ya WhatsApp humfikia yule tu aliyeihifadhi namba ya mtumaji kwenye simu yake, na ni wateja wangapi wameihifadhi namba ya ofisi badala ya namba ya wakili wao? Picha iliyopita kwenye mikono mitano au zaidi huwekewa mishale miwili inayoonyesha kwamba imesambazwa mara nyingi, na hapo mteja hujua bila kuambiwa kwamba mwanasheria wake amemtumia mshumaa na ua alivyotumiwa na shemeji yake.

Jambo zito zaidi ni siri. Katika kazi ya uwakili, hata kule kuwa mteja wa wakili fulani kunaweza kuwa siri. Mfanyabiashara anayefikiria kuifilisi kampuni yake, mfanyakazi anayejiandaa kumshtaki mwajiri, mwanamke anayeulizia talaka: hawa wote wamo kwenye orodha ya wateja ya mwezi Desemba. Karani akiweka anwani zote kwenye safu inayoonekana badala ya safu iliyofichwa, orodha nzima ya wateja imekuwa gazeti. Kosa hilo hutokea kwa urahisi wa kutisha, na halirekebishwi kwa kutuma ujumbe wa pili wa kuomba radhi, ambao mara nyingine hutumwa kwa safu ileile. Sheria nazo zimebadilika. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na zote mbili zinamtaka anayekusanya anwani na namba za watu aeleze anazitumia kwa kazi gani. Namba iliyotolewa kwa ajili ya shauri la ardhi haikutolewa kwa ajili ya matangazo ya msimu.

Karatasi nayo si salama kwa asili yake. Kadi yenye muhuri wa wakili wa mashauri ya ndoa ikifika nyumbani na kufunguliwa na mwenzi wa mteja, itakuwa imefanya madhara ambayo barua pepe ya siri isingeyafanya. Tofauti ni kwamba anayeandika kadi kwa mkono, jina moja baada ya jingine, hupata nafasi ya kusita. Kalamu ikifika kwenye jina hilo, atakumbuka. Orodha ya kompyuta haisiti.

Kwa mawakili kuna sababu nyingine ya kuipa salamu uzito. Kazi hii kwa miaka mingi imewazuia watu wake kujitangaza. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2012 kwamba katazo la jumla la mawakili kujitangaza lilikwenda kinyume cha Katiba, na kanuni za mwaka 2014 zikaruhusu matangazo kwa mipaka. Tanzania bado inashikilia msimamo mkali zaidi. Wakaguzi wa hesabu wana mipaka ya aina nyingine: kanuni za kimataifa za maadili ya wahasibu zinawakataza kupokea zawadi kutoka kwa mteja wanayemkagua, isipokuwa kitu kidogo kisicho na uzito. Kikapu chenye mvinyo na biskuti, hata kikitoka kwa mkaguzi kwenda kwa mteja, kinaweza kuleta maswali. Karatasi yenye mistari minne ya wino haileti swali lolote, ndiyo maana nashangaa ofisi inapoitupa zana pekee ya ukarimu ambayo taaluma yake haiionei shaka.

Watetezi wa kadi ya kielektroniki wana hoja moja nzito, nayo ni kwamba posta inakufa. Mwezi Machi 2025 shirika la posta la PostNord lilitangaza kwamba lingeacha kusambaza barua nchini Denmark mwishoni mwa mwaka huo, baada ya huduma ya miaka 400 na kitu. Ndiyo nchi ambayo mwaka 1904 karani wa posta, Einar Holbøll, alianzisha kibandiko cha Krismasi cha kuchangia wagonjwa wa kifua kikuu. Lakini hoja hiyo inatuhusu kidogo kuliko inavyowahusu Wadenmark. Kwetu posta haikuzoea kufika mlangoni. Barua ilikwenda kwenye sanduku la posta, na tarishi wa ofisi akaenda kuifuata akikumbuka. Zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022 limebandika namba kwenye nyumba na majengo, ila kadi ya ofisi za mjini bado husafiri kwa tarishi au bodaboda pamoja na hati za mahakama na hesabu zilizokaguliwa. Njia hiyo haitegemei stempu, na haitakufa posta ikifa.

Kuna pia historia ya karibu ambayo imewapa wengi kisingizio. Novemba 2015, wiki chache baada ya Rais John Magufuli kuingia madarakani, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wizara, idara na mashirika ya umma kuchapisha kadi za Krismasi na Mwaka Mpya kwa fedha za umma, na anayetaka kadi akaambiwa aigharimie mwenyewe. Kwa serikali uamuzi ule ulikuwa na mantiki kamili, kwa sababu hakuna mwananchi aliyesubiri kadi kutoka kwa katibu mkuu wa wizara ili ajue kama anathaminiwa. Baadhi ya ofisi binafsi nilizozijua ziliuiga bila kujiuliza kama zinafanana na wizara. Ningependa kuongeza, kwa haki, kwamba kifungu cha mwisho cha agizo lile, kile cha mtu kugharimia kadi yake mwenyewe, kingekuwa mtihani mzuri kwa wabia wa ofisi yoyote. Ni wateja wangapi ungewaandikia kama bahasha ingetoka mfukoni mwako?

Mahali ambapo kadi ya karatasi inashindwa kabisa ni Idd. Mwezi hauandami kwa ratiba ya tarishi. Idd el Fitri hujulikana usiku wa kuamkia, Waislamu wengine hufuata tangazo la Mufti au la Kadhi Mkuu na wengine hufuata la Saudi Arabia, na ofisi inayotuma salamu zake kwa kubofya mara moja inaweza kumtakia heri ya Idd mteja ambaye bado amefunga. Hapa hata barua pepe iliyopangwa mapema ni hatari. Kinachofaa ni simu, baada ya kujua mteja anaswali Idd siku gani, na hilo huwezi kulijua kwa kuangalia kalenda.

Simu ndiyo inayosahaulika katika mjadala huu wote, kwa sababu mjadala wenyewe umeazimwa kutoka mahali ambapo kumpigia mteja bila sababu ya kikazi ni usumbufu. Kwetu kumpigia mtu siku ya sikukuu, kumuulizia watoto na mama mzazi, na kukata simu bila kugusia shauri wala hesabu, ni heshima ambayo kadi yoyote inaifuata kwa mbali. Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Sauti basi ni robo tatu. Mbia asiyependa kuandika, au mwenye mwandiko wa daktari, hana haja ya kununua kadi. Anahitaji alasiri moja na simu yenye salio.

Yule mzee wa kadi ishirini na nane nilikuja kumfahamu vizuri baadaye, nikagundua kwamba Desemba haikuwa hata msimu wake mkuu. Wateja wake wengi walikuwa wafanyabiashara wa asili ya Kigujarati wenye maduka Kariakoo na Kisutu, na aliwaandikia wakati wa Diwali, Oktoba au Novemba kutegemea mwezi. Kwa jamii hiyo ni wakati wa kuviombea vitabu vya hesabu na kufungua vipya, na siku inayofuata ni mwaka wao mpya. Hakuna sikukuu iliyo karibu na mkaguzi wa hesabu kuliko hiyo, na katika ofisi nzima ni yeye tu aliyeitambua. Aliandika mistari mitatu au minne: jina la mteja kama anavyoitwa na watu wake, jambo moja la mwaka uliopita, labda mzigo uliokwama bandarini na hatimaye ukatoka, na dua fupi ya vitabu vipya. Mmoja wa wateja hao alikuwa akiziweka kadi chini ya kioo cha meza yake dukani, moja juu ya nyingine, na nilipokwenda kumkagua baada ya mzee kustaafu, alininyooshea kidole kwenye kioo kabla hajanipa kitabu hata kimoja.

Kadi ya kielektroniki nayo ina mahali pake. Mteja aliye Muscat au Toronto, mhasibu kijana ambaye karatasi ikifika kwake itabaki mapokezi hadi Machi, kampuni ambayo watu wake wote hufanya kazi wakiwa majumbani: hawa waandikiwe barua pepe. Lakini iwe barua, kutoka kwa anwani ya mtu, yenye jina lake na jambo lake, bila picha ya jahazi. Ikiandikwa hivyo itachukua dakika tatu zilezile, na hapo ugomvi wa karatasi na kompyuta unakuwa umekwisha. Nisichokikubali ni salamu ya wote kwa wote. Hiyo ni bora isitumwe, kwa kuwa ukimya hufahamika kama shughuli nyingi, ilhali salamu isiyo na mtu hufahamika kama ilivyo. Na kama mbia hawezi kupata saa 15, apunguze orodha badala ya kupunguza salamu. Kadi 40 kwa dakika tano kila moja ni saa tatu na dakika ishirini, muda ambao wengi wetu huupoteza kwenye kikao kimoja cha kuchagua rangi ya kadi.

Ofisi ninayofanya kazi sasa ilijaribu jambo hili Novemba iliyopita. Tulikaa wabia na katibu muhtasi wetu, ambaye yuko mapokezi tangu ofisi ifunguliwe, akaisoma orodha ya wateja kwa sauti, jina baada ya jina. Sharti lilikuwa moja: kwenye kila jina, mmoja wetu aseme kitu kimoja anachokijua juu ya mtu huyo ambacho hakimo kwenye jalada. Jina lililokosa msemaji lilirukwa. Ilituchukua asubuhi nzima, na ilikuwa asubuhi ya aibu, kwa sababu aliyesema mara nyingi zaidi alikuwa katibu muhtasi mwenyewe. Orodha ilianza na majina 312, ikaisha na 61. Katika yaliyoondolewa, yeye alituambia kwamba wawili walikwisha kufariki, mmoja wao mwezi Agosti mwaka wa juzi, na kwamba picha yetu ya Desemba ilikuwa imemfikia kama kawaida.